Maua Ambayo Kompyuta Haikuyachora

Kila Jumapili asubuhi, nguo za wateja zikiwa zimekunjwa na cherehani imefunikwa shuka, Dada Pindo alivuta kiti mbele ya kompyuta na kwenda kumtembelea mdogo wake. Safari yenyewe haikuwa na vumbi wala nauli. Alibonyeza kitufe, feni zikaanza kukohoa, skrini ikapambazuka polepole kama mtu anayefumbua jicho moja kwanza, na tahamaki yuko bondeni.

Bonde lile lilikuwa ndani ya gemu. Halikuwa na adui wala bunduki. Watu waliingia humo kutembea, kujenga vibanda, kuvua samaki na kukaa tu kando ya mto. Mdogo wake ndiye aliyemfundisha. Watu walimwita Cheche, jina alilolipata kabla hata hajashika mashine ya kuchomelea vyuma, kwa sababu tangu utotoni hakujua kutulia. Alipopata mkataba wa kazi ng'ambo, alimwachia dadake kompyuta yake ya kuchezea magemu, kasha jeusi zito kama jiko la chuma. "Itunze, dada," alisema. "Tutakuwa tunakutana humo."

Wakakutana humo, mwaka baada ya mwaka. Bondeni Cheche alikuwa kijana mrefu mwenye joho la bluu. Dada Pindo alikuwa mwanamke mnene kidogo mwenye kofia ya majani, maana alikataa katakata kupewa kiuno ambacho hakuwa nacho. Mumewe, mpaka rangi wa majumba, aliiita kompyuta ile mume mwenza. "Mwenzangu ameamka salama?" aliuliza kila Jumapili, akaenda zake jikoni kuchemsha chai.

Mume mwenza alikuwa amezeeka. Gemu liliongezwa mambo mapya kila mara, na kila lilipoongezwa, picha ziliganda, mto ukasimama, ndege wakaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Dada Pindo akajifunza kupunguza. Alizima vivuli. Akazima mawimbi na matone ya mvua. Mwisho akazima nyasi na mimea midogo yote, picha ikalainika tena. Kwake bonde likabaki kahawia na kijivu, milima imepauka kama kitambaa kilichofuliwa mno, na joho la bluu likitembea katikati. Lilimtosha. Mtu haendi kwa nduguye kutazama mapazia.

Kisha mama yao akafariki. Cheche hakuweza kuja; mkataba ulimfunga mikono. Aliyafuata mazishi kwenye simu, na katikati ya mazishi mtandao ukakatika. Baada ya hapo Jumapili zao zilipungua maneno. Walitembea kando ya mto bila kuongea, na hiyo nayo ilikuwa namna ya kuongea.

Jumapili moja Cheche akamwita mahali papya, ng'ambo ya daraja. Dada Pindo alifika akaona kiwanja cha udongo, tambarare, kisafi, hakina hata jiwe. Cheche alikuwa amesimama pembeni.

"Unapaonaje, dada?"

"Pazuri! Pamekaa vizuri mno," akasema kwa moyo mweupe. Akakatiza katikati ya kiwanja, akatoa hema kwenye mkoba wake, akalisimamisha palepale. "Haya, sasa tuna pa kupumzika."

Cheche akalizunguka hema mara moja. "Nina kazi kidogo, dada," akasema mwishowe, na joho la bluu likayeyuka.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile iliyofuata. Ujumbe wake ukawa wa neno mojamoja, yeye ambaye zamani ukimuuliza habari za asubuhi alikupa na za juzi. Dada Pindo alikaa mlangoni pa hema lake akiutazama ule udongo, jua la gemu likichomoza na kuzama, hadi akawa hajui kama anangoja au anaota. Mwisho uzalendo ukamshinda, akampigia simu.

"Cheche, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Ukisema hivyo kwa sauti hiyo, nimekukosea. Nimekubeba mgongoni mimi, nakujua."

Akamsikia akivuta pumzi. "Dada, uliweka hema juu ya maua ya mama."

"Maua gani?"

"Yale ya uani kwake."

"Maua gani, Cheche? Pale hapana kitu. Ni udongo mtupu."

Akamsikia Cheche akisukuma kiti nyuma. "Kata simu," akasema kwa sauti ndogo. "Nakutumia picha."

Picha ilikuwa ya skrini yake. Dada Pindo aliitazama akasahau kuketi. Ulikuwa ua wa mama. Mawaridi mekundu yalijipanga kando ya njia, asumini imepanda ukuta mfupi wa mawe, na mbele kabisa makopo yaliyojaa maua ya manjano, yamesongamana kama watoto wanaogombea kupigwa picha. Cheche alikuwa ameupanda mche kwa mche, jioni baada ya jioni, akitoka kazini na macho yanamuuma kwa moto wa kuchomelea. Na katikati ya ua, kama ng'ombe aliyelala kwenye shamba la mtu, lilikuwepo hema.

Mumewe alipoingia alimkuta bado amesimama. Akaichukua simu, akaitazama kwa muda. "Haya makopo ni yangu," akasema taratibu. "Mama alikuwa akiniomba kila ninapomaliza rangi." Akamrudishia simu. "Mume mwenza anahitaji miwani."

Mchana ule usingizi ulimpitia Dada Pindo kwenye mkeka wa chumba cha kushonea. Aliota anatembea peku uani kwa mama. Petali alizihisi chini ya nyayo, laini, zenye umande, lakini kila alipoinama kutazama aliona sakafu. Akawa anapapasa, anapapasa, mpaka akaamka na vipande vya kitambaa mkononi.

Kesho yake walilibeba kasha kwa fundi. Duka lilikuwa ghorofani, chumba chembamba chenye harufu ya vumbi la moto, feni za kila ukubwa zimetundikwa ukutani zikizunguka polepole kwa upepo wa dirishani. Fundi watu walimwita Mapafu, kwa sababu aliamini kompyuta zote duniani hufa kwa kukosa hewa. Alifungua kasha, akapuliza, wingu likamfunika uso.

"Huyu alikuwa anapumua kwa pafu moja," akasema, akapangusa miwani. "Ana shida gani?"

"Haoni maua."

Mapafu hakucheka. Aliuliza gemu gani, akaiwasha mashine, akatazama huku na huku. Kisha akachomoa kibao kilichojaa vumbi. "Hii ndiyo kadi ya michoro. Prosesa inajua dunia ina nini, wapi pana mti, wapi pana mto. Kadi hii ndiyo inayochora. Mashine yako inajua maua yapo, mama. Ila mkono wa kuyachora umechoka."

"Kwa hiyo ilijua?"

"Ilijua muda wote. Wewe ndiye uliyeiambia isiyachore."

Neno lile lilimwingia kama sindano chini ya ukucha. Mumewe akaliona, akamgusa bega.

Mapafu akaweka kadi ya kwanza mezani. Ilikuwa ndefu, ina feni tatu, na alipoipa umeme ilitoa mwanga uliogeuka zambarau, kijani, dhahabu, ukazunguka kuta za duka. Dada Pindo akaisogelea. Mtu anayekwenda kuomba radhi hutamani kwenda na zawadi kubwa, na hii ilikuwa kubwa. Alijiona tayari anaingia bondeni kila jani liking'aa, kila tone la umande na jua lake ndani.

"Nipe hii," akasema.

"Pima kwanza," akasema Mapafu.

Futi ya kushonea ilikuwa shingoni mwake, kama kawaida. Hata msibani aliwahi kwenda nayo kwa kusahau. Akapima kadi, akapima ndani ya kasha. Kadi ilizidi kwa upana wa vidole viwili.

"Chuma kinakatwa," akasema mumewe.

"Kinakatwa, lakini umeme je? Kisambaza umeme chake ni cha zamani, ukikitwika mzigo huu kitazimia. Na prosesa yenyewe ni mzee mwenzake. Mzee," akamgeukia mumewe mwenye madoa ya rangi mikononi, "wewe unapaka rangi, sivyo? Ni kama kumwajiri fundi hodari kuliko wote, halafu unamletea rangi kwa kijiko."

Mumewe akacheka, akakubali. Dada Pindo hakucheka. Aliendelea kuutazama ule mwanga wa zambarau hadi Mapafu alipouzima.

Kadi ya pili ilikuwa ya mtumba, yenye nguvu, na ya bei nafuu. Aliinusa. Ilinuka pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

"Imefanya kazi gani hii?"

"Ya kutafuta sarafu za mtandaoni. Usiku na mchana, bila kuzimwa."

"Itafanya kazi?"

"Leo, ndiyo."

"Na Jumapili?"

"Hapo siapi," akasema Mapafu, na sasa ndiye aliyecheka.

Ya tatu ilikuwa fupi, ina feni mbili, haina taa wala madoido, imekaa kwenye boksi lake kama mgeni mwenye haya. Mapafu akaieleza bila kuipamba. Ingeenea. Haikudai umeme wa ziada. Kumbukumbu yake ingelitosha gemu lile. "Vivuli vya mbali uviache vya wastani. Usidai kila kitu."

"Na nyasi?"

"Nyasi zote."

"Na maua?"

"Mama," akasema Mapafu, "maua ni majani yaliyovaa vizuri. Yatakuja."

Dada Pindo alitazama tena ile kubwa, yenye giza sasa. Akakumbuka maharusi aliowashonea, wale waliotaka gauni la kushangaza ukumbi mzima na siku ya siku wakashindwa kuketi. Akaichukua ile fupi kwa mikono miwili. Mapafu akaipachika palepale, akaongeza na feni moja ya kutoa hewa, akasema hiyo ni sadaka yake kwa mgonjwa.

Jumapili hakuingia bondeni kwa pupa. Alifungua kwanza ukurasa wa mipangilio, akawasha kimoja kimoja alichowahi kukizima. Nyasi. Mawimbi. Mvua. Mimea midogo. Akafumba macho, akabonyeza.

Sauti haikubadilika, mto ulikuwa uleule. Alipofumbua macho, kila kitu kilikuwa kinatikisika. Kwa miaka ametembea katika dunia iliyokaza kama ubao, kumbe yote ilikuwa inapumua: nyasi zikiinama upepo unakopita, mwanga ukichujwa na majani, vumbi la chavua likielea juu ya maji kama dhahabu iliyosagwa. Alitembea polepole, akiogopa kukanyaga. Alivuka daraja. Harufu ya asumini ikamjia, nayo haikutoka popote, maana kompyuta haina harufu.

Ua ulikuwa pale. Alilikunja hema lake, na chini yake pakabaki mraba wa mimea iliyolala. Alikuwa amepiga magoti pembeni yake joho la bluu lilipotokea.

"Umeyaona," akasema Cheche.

"Nimeyaona, mdogo wangu. Nisamehe."

"Nisamehe mimi. Ningeuliza tu. Nilidhani umeona na hujali. Nilidhani..." Joho likasogea hatua moja. "Nilidhani hukunisamehe kwa kutokuja."

"Mimi? Siku ile nilikuwa nimeshika simu juu, mkono unaniuma, nataka uone. Ilipokatika nikaendelea kuishika hivyo hivyo. Watu walidhani nimechanganyikiwa."

Walikaa hapo. Baadaye Dada Pindo akasema, "Ila umekosea kitu."

"Nini?"

"Asumini haikuwa ukutani. Ilikuwa huko zamani. Ulipoondoka, mama aliihamishia dirishani kwako. Alisema chumba kisicholaliwa kisiachwe kinuke upweke. Kila asubuhi alilifungua lile dirisha."

Kwenye spika Cheche alisikika akilia, kilio cha mtu mzima kinachotoka kwa kushtukiza, na kule ndani kijana mwenye joho alisimama wima tu, uso mtulivu, kwa kuwa gemu halikujua kulia. Dada Pindo akamwacha alie. Hakumwambia nyamaza.

Alipotulia alisema, "Nionyeshe dirisha lilikuwa wapi."

Wakaing'oa asumini ukutani, mzizi baada ya mzizi, wakaanza kuipanda upya, huku dada akimsimulia mazishi tangu mwanzo: nani aliimba, nani alichelewa, shangazi gani aliyegombana na shangazi gani juu ya viti. Cheche akacheka kwa pua iliyoziba. Mvua ikaanza bondeni, mvua nyembamba. Dada Pindo hakuwahi kuiona humo, kwake ilikuwa ikisikika tu. Sasa aliona kila tone linavyolipiga jani, jani linavyoinama, linavyonyanyuka tena.

Mumewe aliingia na vikombe viwili vya chai. Alikuja kuweka kimoja na kuondoka, lakini macho yake yakanasa kwenye skrini, akavuta kigoda akaketi, bila mzaha wowote. Alitazama yale makopo, akautazama mto, akatazama mbali ambako milima ilikuwa imefunikwa na mvua.

"Kule nyuma kuna nini?" akauliza.

"Sijui," akasema Dada Pindo. "Kwangu kulikuwa kijivu siku zote. Cheche, kule kuna nini?"

"Hata mimi sijafika, shemeji," Cheche akajibu kutoka ng'ambo. "Tumalizie mzizi huu, halafu twende."