Meza ya Hildegund

Kwa miaka ishirini na minne Konrad Wefelscheid alikuwa mbunge wetu katika bunge la Ujerumani, kwanza Bonn, kisha Berlin, na kila Jumapili baada ya misa alirejea kijijini, kwenye meza ya mviringo katika baa ya Hildegund. Hakumpa mkono mtu mmoja mmoja. Kama ilivyo desturi kwetu, aligonga meza mara mbili kwa vifundo vya vidole, nasi sote tukagonga kumjibu. Ndipo alipoketi, akaagiza bia ndogo na kufungua daftari lake la kijani.

Nayakumbuka madaftari yale. Mjane aliyecheleweshewa pensheni, mkulima aliyelalamikia bei ya maziwa, kengele ya kanisa iliyopasuka: yote aliyaandika kwa penseli, na kila mmoja alipata barua ya mkono wake, hata kama jibu lilikuwa hapana.

"Hapana yangu ina mwandiko mzuri," alizoea kusema. "Itundike ukutani."

Alikuwa mhafidhina wa kweli. Hakuahidi asichoweza, wala hakuyumba.

Mwaka ule alikusudia kugombea mara ya saba, naye alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Mimi, Ansgar Tillkötter, mwalimu mstaafu, nilikuwa mwenyekiti wa chama chake pale kijijini. Wajumbe walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba wanamtaka Annegret Bruns, wakili kijana. Ilinipasa kumweleza Konrad kabla ya mkutano wa uteuzi. Nilinyamaza wiki tatu.

Jumapili ya mwisho kabla ya mkutano aliingia, akagonga. Walijibu wawili tu. Wengine waliinamia bia zao. Mkono wangu ulikuwa umeshika bilauri, nami sikuiachia.

Aliketi taratibu. "Leo meza ina baridi. Hildegund, umeifanyaje?"

"Meza ni ile ile, mzee," Hildegund alijibu kutoka kaunta. "Waulize hao walioiegemea."

Akanigeukia. "Ansgar, tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukiwasimamisha watoto pembeni kwa kuficha ukweli."

Alimaliza bia yake, akalifunga daftari bila kuandika neno.

Siku ya mkutano, ukumbi wa nyuma wa baa ulijaa. Nilipolisoma jina lake, la kwanza katika orodha, alisimama.

"Lifute, mwenyekiti. Nimekuja kuaga." Akamwita Annegret, akamkabidhi daftari la kijani. "Ukurasa wa mwisho yumo mzee Humpert na paa lake. Mwandikie kwa mkono. Ukimtumia ujumbe wa simu, hatausoma."

"Mwandiko wangu mbaya, mzee."

"Basi utaandika polepole. Hata bungeni itakufaa."

Watu walicheka. Yeye akaisogelea meza yangu, akagonga mara mbili. Safari hii nilikuwa wa kwanza kujibu. Niligonga hadi vifundo vikauma, na ukumbi mzima ukanifuata.

"Taratibu, mwalimu," alisema akivaa kofia yake. "Meza yenyewe ya Hildegund hiyo."

Jumapili iliyofuata nilifika baa mapema kuliko wote. Bia yangu niliiweka mbali, nikakaa mikono mitupu, nikiutazama mlango.