Sekunde Kumi na Moja za Kurrina

Kati ya Kurrina na Port Bassel kuna kilomita kumi na nne za mashamba ya shayiri na ugomvi wa miaka thelathini. Shayiri huvunwa ikaisha. Ugomvi, thubutu! Watu wa Kurrina huwaita wenzao wanuka samaki, kwa ajili ya bandari yao. Wa Bassel nao huwaita hawa wala vumbi, na tusidanganyane, Kurrina vumbi halikosekani hata kwenye bakuli la sukari. Wanaoana, wanazikana, wanaazimana matrekta. Lakini timu zao za mpira, ule wenye umbo la yai unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, zikikutana, mara mbili kwa mwaka, hata mama mkwe hasalimiwi mpaka Jumapili.

Alhamisi ile, siku mbili kabla ya mechi, ukumbi wa klabu ya Kurrina ulikuwa umejaa kufikia saa kumi na mbili jioni. Mazoezi yalikuwa yamekwisha, vijana wanaoga, na wazee walishakamata viti vya karibu na hita, kila mmoja na pai yake ya nyama na viazi. Desturi ya hapo ni kwamba kabla majina ya kikosi hayajasomwa, mashabiki wanaichambua mechi wao kwanza. Anayetaka anashika kipaza sauti, anasema mambo yatakavyokwenda, anataja timu itakayoshinda na kwa pointi ngapi, na mwenyekiti Gavin Rodda anaandika ubaoni. Atakayekosea kuliko wote huosha vyombo Alhamisi inayofuata. Kwa hiyo watu husema kwa kujigamba lakini hutaja namba kwa adabu.

Walisema upepo utatoka kusini, basi atakayeshinda kura ya sarafu acheze na upepo robo ya kwanza. Wakabishana juu ya goti la mfungaji wao, kama limepona au anajikaza tu kwa sababu ya Bassel. Wakalalamika kuwa ule upande wa matangi ya maji una tope. Dulcie Pascoe, mjane wa miaka sabini na miwili aliyekaa mbele kabisa na skafu yake ya bluu na dhahabu, alisema Bassel wana mtu mmoja mrefu na wafupi kumi na saba, na huyo mrefu mwenyewe akipata kiwiko cha kwanza tu anamtafuta mama yake. Ukumbi ukaangua kicheko. Dulcie akatabiri Kurrina kwa pointi ishirini na tano, akaketi, akaendelea na pai yake.

Aliyekuwa hacheki ni Elwyn Trewartha. Pai yake ilikuwa imepoa haijaguswa. Elwyn, mzee wa miaka sabini na minne, ndiye mtunza saa wa Kurrina tangu ana nywele, na wiki ile Gavin alikuwa amemwomba jambo. Mwaka huu inatimia miaka thelathini ya fainali ya king'ora, alimwambia. Vijana wanaisikia kwa vipande vipande, na wewe ulikuwemo mle kwenye kibanda cha watunza saa. Utusimulie.

Habari yenyewe, kama Kurrina wanavyoisimulia, kila mtoto wa hapo anaijua kabla ya kujua kuhesabu. Kurrina walikuwa mbele kwa pointi nne. Muda umekwisha, kila mtu aliona kuwa umekwisha, lakini king'ora hakilii. Bassel wakaukokota mpira, wakaupiga katikati ya nguzo mbili kubwa, pointi sita, ndipo king'ora kikalia. Wakachukua kombe kwa pointi mbili. Na kidole kilichokuwa juu ya kitufe cha king'ora kilikuwa cha nani? Cha Colin Nankervis, mtunza saa wa Bassel. Basi, neno likaishia hapo.

Colin alikuwa fundi wa pampu na vinu vya upepo vya kuvutia maji. Baada ya fainali ile hakuitwa tena na mkulima hata mmoja wa Kurrina. Vinu vilikaa vimevunjika, ng'ombe wakinyweshwa kwa lori la maji, kuliko mtu aonekane amempigia simu Colin. Elwyn naye hakumpigia. Watu walidhani ni hasira, wakamheshimu kwa hilo, na heshima ile ilimkaa kooni miaka yote.

Maana siri ya mtungi aijuaye kata. Waliokuwa mle kibandani walikuwa wawili tu.

Angeweza kukaa nayo mpaka kaburini, alishajizoesha. Lakini Jumamosi hii, kabla ya mechi, ligi itampa Colin nishani ya miaka arobaini ya kutunza saa, hapo hapo uwanjani kwa Kurrina, mbele ya miji yote miwili. Na alipokuwa akiingia jioni ile, Elwyn alipita kwenye banda la vifaa, ambako kila mwaka hutengenezwa lile bango la karatasi ambalo wachezaji hulipasua kwa kulipita mbio wanapoingia uwanjani. Jorja Hocking, binti wa miaka ishirini na miwili anayesimamia bango, alikuwa amepiga magoti na brashi yake, rangi mpaka kwenye nyusi. Akamwonyesha Elwyn kwa furaha alichoandika kwa penseli, bado kutiwa rangi:

*Kidole cha Colin kilisinzia,*
*kombe letu likapotelea,*
*Bassel, jueni leo tunalijia!*

"Limekaa vizuri, siyo?" Jorja aliuliza.

Elwyn alisema mistari imenyooka. Halafu akaenda kuketi na pai yake, na tangu hapo moyo haukutulia. Akinyamaza, Colin atapokea nishani yake chini ya maneno yale, na watu elfu moja watacheka. Akisema, amekwisha yeye. Na si yeye tu: Dulcie yule pale mbele, marehemu mumewe Max ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ile. Max alikufa miaka minne iliyopita, na hata alipolazwa mara ya mwisho, muuguzi alipomwambia ni mzaliwa wa Bassel, alimwuliza kama anamjua mwizi mmoja anaitwa Nankervis.

Gavin akamwita. Watu wakapiga makofi, vijana waliotoka kuoga wakasogea mlangoni na nywele zao mbichi. Elwyn alisimama, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Alianza na yale wasiyoyajua vijana. Kibandani mnakaa wawili, alisema, mmoja wa kila klabu. Mmoja anashika saa, mwenzake kitufe cha king'ora, na kila robo mnabadilishana. Mwamuzi akiinua mkono, labda mtu ameumia, mwenye saa anaisimamisha. Mkono ukishuka, anaiwasha. Kitufe hakina akili yake, kitufe hufuata saa. Na sheria ya kwanza ya mle ndani, waliyofundishwa wote wawili, ni kwamba ukipanda ngazi ushabiki unauacha chini.

"Robo ya mwisho," alisema, "kitufe alikuwa nacho Colin. Saa nilikuwa nayo mimi."

Hakuna aliyeshtuka bado. Hilo nalo walikuwa wakilijua, ila hawakuwahi kulifikiria.

"Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Kijana wao mmoja akaumia mguu, mwamuzi akainua mkono, nikasimamisha saa. Wakamtoa. Mkono ukashuka, mpira ukarudi mchezoni, na Max akaruka kuudaka. Nikasahau kwamba nina saa. Nilisimama kwenye kiti nikapiga makofi kama mtoto. Colin ndiye aliyenigusa kiwiko, akaniambia, Elwyn, saa. Ndipo nikaiwasha. Zilikuwa zimekwenda sekunde kumi na moja. Wao walifunga zikiwa zimebaki tano kwenye saa yangu; ningeiwasha kwa wakati, mechi ingekuwa imeshakwisha. Colin alibonyeza pale pale nilipomwambia bonyeza, hakuchelewa hata kidogo. Kombe lile hatukuibiwa. Mimi ndiye niliyelipoteza."

Mzee mmoja wa nyuma alivaa kofia yake akatoka bila kumtazama mtu. Gavin, aliyekuwa bado na chaki mkononi, alimwinamia Elwyn akamnong'oneza kwamba jambo lenyewe la kale, angekaa nalo tu, limewafaa nini sasa. Elwyn alikuwa anamtazama Dulcie.

"Colin alijua?" Dulcie aliuliza.

"Alijua tangu dakika ile ile."

"Na hakusema."

"Tulisaini karatasi ya mechi wote wawili. Kwenye ngazi, tukishuka, nilimwambia nitakwenda kusema. Akaniambia, usiku huu watakuua, ngoja wapoe. Nikangoja. Hawakupoa. Na mimi nikazoea, Dulcie. Ndiyo hivyo, nilizoea. Kila tukikutana mle kibandani, mwamuzi akishusha mkono, Colin ananigusa kiwiko. Miaka thelathini. Hasemi neno, ananigusa tu, kisha ananimiminia chai yake."

Dulcie aliiweka pai chini. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni, na waliomfahamu walisogeza viti. Mwanamke yule akikasirika, husikika mpaka Bassel.

"Nitakukasirikia, Elwyn," alisema. "Usidhani umepona. Nitakukasirikia mpaka uchoke. Lakini kwanza niambie. Ule mruko wa Max uliuona?"

"Niliuona wote."

"Mimi sikuuona. Nilikuwa jikoni nakata machungwa ya wachezaji. Nilisikia kelele tu, nikatoka mbio na kisu mkononi, nikakuta ameshashuka. Na mwenyewe hakutaka kabisa kuuzungumzia, alikuwa akianza tu anaishia kwenye king'ora." Akajifuta mdomo kwa skafu. "Haya. Ulikuwaje?"

Elwyn akakiweka chini kipaza sauti, kwa kuwa haya yalikuwa ya Dulcie. Alimweleza kwamba Max alitokea nyuma ya watu watatu, kwamba alipanda goti moja juu ya bega la mlinzi wao, akakaa pale juu muda mrefu kuliko inavyowezekana, na kwamba aliudaka mpira kwa ncha za vidole huku anacheka. Ndiyo, alikuwa anacheka. Akaanguka chali, akaukumbatia mpira, bado anacheka.

"Alikuwa na yale meno yake," Dulcie alisema.

"Meno yote nje."

Dulcie alilia kidogo, bila kujificha. Kisha akasimama, akasema Max alikufa akimlaani mtu bure, na yeye Dulcie alimsaidia kulaani, kila siku, na chakula akimpikia juu yake. Kilichowala miaka yote kilikuwa nguoni mwao, wao wakikitafuta Bassel. Akauliza Jorja yuko wapi, na ile brashi iko wapi. Akatoka. Mlangoni aligeuka.

"Hujatabiri, Elwyn. Usitoroke kuosha vyombo."

"Kurrina," alisema Elwyn. "Kwa pointi mbili."

Wapo waliocheka, si wengi. Gavin akaandika. Kisha majina ya kikosi yakasomwa, na watu wakarudi polepole kwenye goti la mfungaji, kwa kuwa mechi ilikuwa palepale, na Bassel walikuwa Bassel.

Jumamosi magari yalizunguka uzio wa uwanja tangu asubuhi, pua zikitazama ndani, tayari kupiga honi. Wengine walimsalimu Elwyn, wengine walijifanya wanatafuta kitu kwenye buti. Mzee wa kofia alimpita kama nguzo ya uzio. Elwyn aliyapokea yote. Alikuwa amelala usingizi mzuri siku mbili mfululizo, na hilo lilikuwa jambo geni kwake.

Colin alishapata nishani yake, ameshapigiwa makofi na upande wa Bassel, na upande wa Kurrina makofi yalianza machache yakaongezeka. Sasa alikuwa kibandani, ameketi mahali pake, chupa ya chai miguuni. Habari za Alhamisi zilishamfikia, maana kilomita kumi na nne si kitu kwa maneno. Alimsogezea Elwyn kiti.

Chini, Jorja na wenzake waliinua bango. Upepo ulikuwa kweli wa kusini, ukalitingisha, wakalikaza kamba. Mistari mitatu ya penseli haikuwepo. Kulikuwa na maneno machache, ya bluu, makubwa, ya mkono usiozoea brashi:

*COLIN, SAA ILIKUWA YETU.*

Colin aliyasoma. Ilimchukua muda, kwa maneno manne. Kule Bassel hakuna aliyepiga honi. Kisha wachezaji wa Kurrina walitoka mbio, wakalipasua bango katikati wakapita.

"Herufi zimepinda," Colin alisema baadaye.

"Ni za Dulcie."

"Aa." Alifungua chupa, akamimina chai vikombe viwili. "Ameniachia ujumbe jana. Kinu chake hakizunguki, anasema niende Jumatatu. Anasema nisipokwenda atanifuata."

"Atakufuata kweli."

Robo ya kwanza saa ilikuwa ya Elwyn na kitufe cha Colin. Colin akabonyeza, king'ora kikalia, kunguru wakaruka kutoka kwenye matangi ya maji. Katikati ya uwanja mwamuzi aliuinua mpira juu kabisa, akaudundisha chini, na wale warefu wawili wakarukiana. Elwyn alihisi mkono kwenye kiwiko chake.

"Nimeshaiwasha," alisema.

"Najua," alisema Colin, na hakuuondoa mkono.