Skrubu ya Taa ya Mkaguzi

Kwa mara ya tatu mwezi ule, taa ya pikipiki ya Jonah Musembi ilimulika viota vya ndege badala ya njia. Aliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, miguu yote miwili ikiburutika chini, akikisia palipo na shimo na palipo na punda aliyelala. Nyuma yake mkewe Kaluki alikuwa amekumbatia sufuria kubwa ya uji iliyofungwa kwa shuka, na kila pikipiki iliporuka alilitaja jina la Bwana kwa sauti ndogo.

"Baba Muthoki, si ulisema jana umeitengeneza?"

"Niliitengeneza."

"Basi inamtafuta nani huko juu?"

Musembi akakwepa shimo. Jana yake alikuwa ameisimamisha hatua kumi kutoka ukuta wa ghala, akapima kimo cha taa kwa rula, akachora mstari wa chaki chini kidogo ya kimo hicho, kama kitabu cha pikipiki kilivyoagiza. Kisha akaipanda, akakaa kitini na kuizungusha ile skrubu ndogo iliyo chini ya taa mpaka mwanga ukalala juu ya chaki. Wamisionari waliomfundisha walimpiga vidole kwa rula kama hiyo mpaka akajua kwamba kazi hupimwa, haikisiwi. Naye alikuwa amepima. Hasira iliyompanda kifuani gizani ilikuwa hasira ya mtu aliyetimiza wajibu wake wote akalipwa matusi.

Kabla ya kuingia Makindu alisimama nyuma ya kinu cha posho, mahali pasipoonekana kutoka barabara kuu. Kaluki akashuka taratibu, upande mmoja kwanza, kwa kuwa nyonga yake haikupona sawasawa tangu alipoanguka kisimani miaka miwili iliyopita. Sehemu iliyobaki mpaka stendi, ambako aliwauzia uji abiria wa mabasi ya Mombasa, aliimaliza kwa miguu. Hivyo ndivyo walivyofanya tangu mwezi wa Machi. Pikipiki ilikuwa mali ya serikali, na kanuni yake ilikuwa fupi: hakuna abiria.

Musembi alikuwa mkaguzi wa nyama. Ng'ombe alitakiwa kuchinjwa saa kumi na mbili kamili mbele ya macho yake, na nyama isiyokuwa na muhuri wake wa zambarau haikuruhusiwa kutundikwa buchani. Asubuhi ile alifika machinjioni saa moja kasorobo.

"Bwana Mkaguzi!" alipaza sauti Ndolo, mwenye bucha kubwa kuliko zote. "Ng'ombe amekungoja mpaka akachoka. Tukamhurumia, tukamchinja."

"Ini liko wapi?"

"Ini? Aa, mbwa wa siku hizi hawana adabu."

Wachinjaji wakacheka. Musembi akakataa kuipiga muhuri nyama isiyo na ini, pakazuka makelele, na kabla ya saa sita barua ikamfikia kutoka kwa mkubwa wake wa wilaya, ambaye Ndolo alijua kumpigia simu. Ilikuwa na sentensi mbili. Akichelewa tena, pikipiki na machinjio vitakabidhiwa kwa Mutiso, msaidizi wake, naye Musembi atarudi ghalani kuhesabu ngozi. Mutiso alikuwa mtu mpole, tena jirani yake, lakini alikuwa na kasoro moja: mtu akimkazia sauti, alipiga muhuri.

Alasiri ile Musembi aliisukuma pikipiki mpaka karakana ya Gicheru, fundi aliyetoka Murang'a akafungua banda lake karibu na kituo cha petroli. Kwa bahati mbaya Ndolo naye alikuwepo, amekaa juu ya kreti akingoja gurudumu la pikapu yake lizibwe.

Gicheru akaifungua taa, akaichungulia, akaguna.

"Springi imechoka. Na meno ya skrubu yamelika. Nani amekuwa akiizungusha?"

"Mimi. Kwa utaratibu."

"Utaratibu wako umeyala meno yote, Mzee. Yamebaki mawili."

Ndolo akakohoa kicheko.

"Weka nyingine," Musembi akasema.

"Nyingine iko Nairobi, na wakiniletea katika wiki mbili nitashukuru. Ninachoweza ni kuizungusha mara moja tu, polepole. Ikifika mahali pake naifunga kwa waya na gundi ya chuma, na haitasogea hata ukimgonga tembo. Kwa hiyo uniambie kweli. Nyuma unabeba nini?"

"Sanduku la mihuri."

Gicheru akainama, akapitisha kidole chini ya madigadi, bati la kukinga matope nyuma, akakitoa kimejaa vumbi jeusi la mpira. "Mihuri gani hii? Tairi limekuwa likisugua bati. Hapa nyuma hukaa mtu, au gunia la saruji. Nyuma ikizama, mbele inainuka, na taa inaangalia mbinguni. Ugonjwa ni huo."

Hapo Musembi alielewa yote kwa mara moja: rula, chaki, kitabu, na kule kukaa kwake kitini peke yake mbele ya ukuta, mwanga ukimtii. Alikuwa ameipima safari ambayo hakuwahi kuisafiri.

"Hii ni mali ya serikali," akasema. "Nyuma hakai mtu."

Maneno hayo yalitoka yamenyooka, kama yote aliyoyasema maishani, na yalikuwa uongo. Masikio yakamwaka moto.

"Sawa. Panda basi, tuweke taa ya mtu mmoja."

Gicheru akateremsha gunia mlangoni ili banda liwe na giza, akawasha taa. Duara la mwanga likatokea juu ya ukuta wa mabati. Akaingiza bisibisi. Musembi alilitazama lile duara likishuka inchi kwa inchi. Kila inchi iliyoshuka ilimshusha Kaluki pamoja nayo, mpaka chini, maili nane kwa miguu na ile nyonga, sufuria kichwani. Au ampakie kama kawaida, taa itazame tena miti, na kesho machinjio yawe ya Mutiso, yaani ya Ndolo.

"Ngoja," akasema.

"Mzee, nimesema naizungusha mara moja."

"Nimesikia. Toa mkono wako hapo, ungoje."

Akatoka akiwa ameuma meno, akavuka barabara mpaka stendi, akarudi na Kaluki ambaye bado alikuwa na upawa mkononi.

"Panda, Mama Muthoki."

Kaluki akamtazama Ndolo, kisha fundi, kisha mumewe. "Hapa? Mbele ya watu?"

"Panda."

Akapanda, upande mmoja kwanza. Springi za nyuma zikalia, na lile duara la mwanga likaruka kutoka ukutani mpaka kwenye paa. Gicheru akapiga mluzi.

"Kumbe!" Ndolo akajipiga paja. "Kumbe serikali imeoa!"

"Na sufuria je?" Kaluki akauliza, maana alikuwa mwanamke wa kufikiri. "Sufuria nayo si nyepesi."

Sufuria ikaletwa, ikajazwa maji, akaipakata. Gicheru akazungusha skrubu mpaka mwanga ukashuka mahali pake, akaifunga kwa waya na gundi. Muda wote huo Musembi alikaa kitini ameukazia macho ukuta, shingo imekakamaa, kama mtu anayeng'olewa jino.

Kesho yake taa ililala juu ya njia kutoka nyumbani mpaka barabara kuu. Walikipita kile kinu bila kusimama. Alimshusha Kaluki stendini, chini ya taa za mabasi, na saa kumi na mbili kasoro dakika kumi alikuwa machinjioni amevaa aproni.

Ng'ombe wa Ndolo akachinjwa. Musembi akalikata ini, na mirija yake ikatoa minyoo bapa.

Ndolo akamsogelea, akanong'ona kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha. "Bwana Mkaguzi, tuelewane. Wewe una mama nyuma ya pikipiki. Mimi nina ini. Kila mtu afumbe jicho moja."

Musembi akalitupa ini ndani ya pipa, akalimwagia mafuta ya taa. Akanawa mikono. Kisha akafungua sanduku la mihuri, akatoa kitabu cha safari, akaandika huku akisoma kwa sauti, na wachinjaji wote wakasikia: "Abiria, Kaluki, mke wangu. Leo, na kila siku ya kazi tangu Machi."

Ndolo akakichungulia kitabu. "Si watakunyang'anya pikipiki?"

"Watanyang'anya. Lete figo."

Wakamnyang'anya Ijumaa. Mutiso alikuja kuipokea akiwa na haya, asijue aangalie wapi.

"Taa usiiguse," Musembi akamwambia kwa ukali. "Skrubu imebaki na meno mawili."

Jumatatu, Musembi na mkewe walitoka saa tisa na nusu alfajiri kwa miguu. Yeye ndiye aliyebeba sufuria, na mfuniko wake ulimtoka kila mara mpaka akaamua kuushika mkononi. Alikuwa na hasira na mfuniko, na mawe, na ngozi zilizomngojea ghalani. Walipofika nusu ya safari wakasikia pikipiki ikija nyuma yao kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwanga wake ulianguka chini, mbele ya tairi tu, kiasi cha mkeka wa mtoto.

"Mzee," Mutiso akasema, karibu kulia. "Sioni njia. Naona tairi peke yake. Na Ndolo amesema hatangoja."

"Imewekwa kwa watu wawili," Musembi akasema. "Na sufuria."

Kaluki akahamisha uzito wake kutoka mguu mbaya kwenda mguu mzima.

"Ukimbeba, utaandika?" Musembi akamuuliza Mutiso.

Mutiso akamtazama Kaluki. "Nitaandika."

"Na ini likiwa na minyoo?"

"Nitalitupa, Mzee."

"Hata akikukazia sauti?"

"Hata akikaza."

Musembi akamsaidia mkewe kupanda, akampakatisha sufuria. Springi za nyuma zikalia, taa ikainuka, na njia yote ikaonekana, na mashimo yake, na punda mmoja aliyelala mbali kando ya migunga. Wakaondoka kwa kasi. Ilipopotea sauti yao ndipo Musembi alipotambua kwamba bado ameushika mfuniko, na uji wa watu unapoa huko mbele. Akasonya, akaubana kwapani, akaongeza hatua.