Roho ya Lira

Mzee Nikitas alipozidiwa, hakuna aliyeuliza lira yake, ile fidla yake ndogo, itakwenda kwa nani. Ya nini kuuliza? Kule kisiwani Karpatho, kijijini juu mlimani, mtu huzaliwa akakuta urithi umeshagawanywa. Binti wa kwanza huchukua vya mama: nyumba, mizeituni, na mkufu wa sarafu za dhahabu. Mwana wa kwanza wa kiume huchukua vya baba. Anayefuata huambulia ufagio. Sevasti, binti wa pili wa Nikitas, alikuwa anayefuata.

Umri ulikuwa umeshasogea na hajaolewa, maana nani angemposa msichana asiye na hata mti mmoja? Alifua, alipika, alichunga mbuzi wa dada yake Kaliopi, nyumbani kwa Kaliopi, akila baada ya watoto wa Kaliopi kushiba. Lakini kitu kimoja alikuwa nacho ambacho dada yake hakuwa nacho, wala kaka yao Minas aliyehamia Amerika hakuwa nacho. Alijua kupiga lira.

Na si kupiga kwa kubahatisha, jamani. Baridi yabisi ilipomkamata baba yake vidole, Sevasti ndiye aliyekaza nyuzi tatu za lira, yeye ndiye aliyepaka upinde ulimbo na kufunga njuga zake upya. Kisha baba akawa anamwacha apige zizini, mlango umefungwa, wasikilizaji wakiwa mbuzi. Watu waliopita nje walisema, "Sikieni, Nikitas amepona vidole!" Na mzee alizipokea sifa hizo mkahawani bila hata kupepesa macho. Sevasti alilijua hilo, likamuuma, akanyamaza.

Sasa mzee yuko kitandani, pumzi zinahesabika, na Sevasti akaona akinyamaza leo amenyamaza milele.

"Baba, lira niachie mimi."

"Ya Minas hiyo. Ndiye wa kwanza."

"Minas! Minas ataishika kama sufuria ya moto."

Mzee akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi. "Ungekuwa mwanamume, mwanangu..."

"Sikuwa mwanamume. Lakini wewe masikio si unayo? Unajua nani alikuwa akipiga zizini."

"Desturi sikuitunga mimi," mzee akasema, akageukia ukutani. "Watu watasema nini?"

Akafa nalo hilo mdomoni, watu watasema nini.

Lira ikatundikwa ukutani, uso wake umegeuzwa ndani, kama ifanywavyo kwenye nyumba yenye msiba. Hapo haiguswi na mtu mpaka arobaini ipite. Hata kuikwaruza kwa ukucha ni kumtukana marehemu. Minas akaja kwa arobaini, ndani ya suti nyeusi iliyombana, akalia sana, maana kulia alijua. Asubuhi ya arobaini wote wakaenda kanisani na ngano ya kuchemsha. Sevasti akabaki kuandaa kahawa ya wageni.

Ndani ya lira, chini ya daraja linalobeba nyuzi, husimama kijiti kisichozidi kidole cha mtoto. Wapigaji hukiita roho. Kipo, lira inaimba. Kitoe, inakoroma kama mlevi. Sevasti akaishusha lira, akalegeza nyuzi, akaingiza sindano ya kufumia kwenye tundu, akaichomoa roho. Hata kuigusa tu ilikuwa dhambi. Akakaza nyuzi kidogo, zishike daraja tu, akairudisha ukutani. Kile kijiti akakishonea ndani ya gauni, kifuani.

Haya, nenda nayo, alimwambia kaka yake kimoyomoyo. Utajaribu kuipiga, au utampa anayejua, nayo itakoroma. Utauliza dawa. Utairudisha kwangu niitie roho, na ikishakaa magotini pangu, atakayeiondoa hapo hajazaliwa.

Minas akaondoka na lira, imeviringishwa ndani ya blanketi.

Miaka ikaenda. Simu ya kijiji ilikuwa mkahawani, na kila Sevasti alipoitwa alipanda ngazi mbio, unga umemjaa mikononi. Minas aliuliza hali ya hewa. Aliuliza habari za mbuzi. Alitaka atumiwe jibini.

"Na lira?" Sevasti akajikaza kuuliza siku moja.

"Ipo, haina shida," akajibu Minas. "Jibini iwe ile kavu, tafadhali."

Haina shida! Sevasti alirudi nyumbani akaukanda ule unga mpaka Kaliopi akamuuliza umemkosea nini. Gauni likichakaa, alikihamishia kijiti kwenye gauni jingine.

Hatimaye Minas akaja mwenyewe kwa sikukuu ya Agosti, ya Bikira Maria, tumbo limemtangulia. Wanaume wakaketi kuzunguka meza ndefu uani kwa Kaliopi, wakila, wakinywa, wakitungiana beti kama desturi. Mmoja akiimba ubeti, wote wanaurudia, na anayeimbiwa hasogei wala hasemi mpaka wamalize. Mzee Stamatis, aliyepiga udi pamoja na marehemu tangu ujana, alikaa kichwani pa meza. Wanawake walisimama. Sevasti alishika jagi la divai.

"Minas," Stamatis akasema, "lira ya baba yako iko wapi?"

"Iko mgahawani kwangu, juu ya kaunta. Nimeipigilia misumari isiibiwe."

Sevasti akaacha kumimina.

"Misumari?" Stamatis akashtuka. "Na inapigwa?"

"Mbona inapigwa kila siku!" Minas akacheka. "Inapigwa picha!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Minas akajifuta mdomo, akaendelea, "Ila siku moja alipita mzee mmoja wa huku kwetu. Akapanda kiti, akachungulia tunduni. Akaniambia, 'Minas, lira hii haina roho.'"

Sevasti akasogea karibu na meza. Sasa. Sasa hivi.

"Nikamwambia, mzee wangu, umenena kweli. Itapata wapi roho huku ugenini? Roho yake niliiacha Karpatho, kaburini kwa baba."

Mmoja wa wanaume akatoa kitambaa. Stamatis, macho yamemjaa machozi, akagusa nyuzi za udi wake akaimba:

*Lira ilikwenda mbali, roho ikabaki kwetu,*
*Imelala kaburini, alipo mzazi wetu.*

Wakaurudia ubeti wakilia, na Minas akalia kuliko wote. Hapo Sevasti hakustahimili. Uwongo huu utaimbwa mpaka lini?

"Roho ya lira ninayo mimi!" akapaza sauti, akijipiga kifuani kilipo kijiti. "Haiko kaburini! Iko hapa! Niliichukua mwenyewe!"

Wakamgeukia wote. Alikuwa akihangaika na uzi wa gauni, akiufumua kwa ukucha.

"Mnamsikia?" Stamatis akaipiga meza kwa ngumi. "Hajakaa nasi mezani hata siku moja, lakini kasema kutuzidi sote! Kweli kabisa, binti yangu, roho ya mzee iko kifuani mwako. Ngoja nikuimbie."

"Mzee, hujanielewa, mimi..."

"Nyamaza, unaimbiwa!" Kaliopi akamkemea.

Tangu utotoni Sevasti hakuwahi kuimbiwa ubeti. Dada yake aliimbiwa alipozaliwa, alipoposwa, alipoolewa. Akasimama alipo, uzi nusu umefumuka, jagi mkononi.

*Sevasti taa ya nyumba, usiyechoka kupika,*
*Mikono yako ni mwamba, wenzio wakikutwika.*

Wakaurudia wote, wakiinua glasi. Mikono yake ya kupika! Minas akainuka, akambusu kwenye paji la uso. "Mdogo wangu, bila wewe nyumba hii ingeanguka."

Sevasti akamtazama Stamatis. Mzee yule, aliyesikia lira ya zizini kwa miaka na kumsifu Nikitas, alikuwa akimtabasamia kwa upendo.

"Sevasti," Kaliopi akasema, "divai imekwisha."

Akaenda jikoni. Akaufumua uzi uliobaki, akakitoa kijiti, cheusi kwa jasho la miaka, akakitupa ndani ya tanuri la mkate. Kikaungua kabla jagi halijajaa. Huko uani walikuwa wakiurudia ubeti wake, ule wa mikono.