Askari wa Mogaka

Daktari Mitali alimwonyesha Mogaka kwenye skrini kipande cha nyama kilichokatwa nyuma ya pua yake. Madoa makubwa ya zambarau yalikuwa seli za saratani. Vitone vyeusi vilivyojipenyeza katikati yake vilikuwa seli za kinga, askari wa mwili.

"Mzee, uvimbe ukiwa na askari wengi namna hii, mara nyingi mgonjwa hupona akitibiwa. Nyumbani utaanza kumwambia nani habari hii njema?"

"Watu wangu," alisema Mogaka, na huo ulikuwa uongo.

Kijijini kwao, Tabaka, wanaume huchonga mawe kuwa sanamu, wanawake huyalowesha na kuyapiga msasa mpaka yang'ae. Tangu amzike mkewe, Nyanchoka, Mogaka alichonga tu. Sanamu zikarundikana ukutani, kavu, zimejaa vumbi. Kufa alikwisha kujiandaa nako. Habari ya kuishi ndiyo iliyomkuta hana mtu wa kumwambia.

Jioni ile alichota maji, akakalia kigoda cha marehemu, akasugua sanamu ya kiboko mpaka vidole vikamuuma. Ilipong'aa aliinyanyua kuelekea mlangoni, kama Nyanchoka alivyokuwa akifanya ili mumewe, aliyekuwa akichongea mlangoni, aione.

Mlangoni hapakuwa na mtu.