Nyumba Aliyoitembea Letisia

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na uongo siuwezi. Uso wangu hunisaliti kabla mdomo haujamaliza. Ndiyo maana hadi leo nashangaa niliwezaje kumdanganya mke wangu Letisia kwa wiki tano nzima, mwaka sabini na nne, kila Jumatano na kila Jumapili, nikiwa nimeketi kwenye benchi la wageni katika wodi ya wanawake pale Kilosa.

Alikuwa amekatwa ziwa la kushoto Dar es Salaam kwa sababu ya kansa, kisha wakamrudisha Kilosa amalizie kupona karibu na nyumbani. Kidonda kilianza kufunga. Mkono ndio ulikuwa tatizo. Tangu upasuaji alikuwa ameubana ubavuni, hauinuki hata kufikia bega, na chakula alikuwa anakigusa tu na kukirudisha.

"Tumemwambia apandishe vidole ukutani kila siku," nesi Regina aliniambia kando. "Asipofanya hivyo mkono utakakamaa. Lakini anautazama ukuta tu, baba. Anasema wa nini."

Wiki ileile aliyosafirishwa kwenda kupasuliwa, sisi tuliokaa mlimani juu ya Masanze tuliamriwa kushuka tambarare, tukaishi pamoja katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa barabara ya Mikumi. Tulipewa hadi Jumamosi. Nyumba yetu niliivunja kwa mikono yangu mwenyewe ili angalau niokoe nguzo na fito, nikazishusha begani safari baada ya safari. Ndugu wote wakanisisitizia jambo moja, kwamba mgonjwa hapewi habari mbaya. Kwetu ndivyo ilivyo. Hata akifiwa, tunangoja asimame, ale, ndipo tunamketisha na kumwambia. Nikakubali. Nilidhani kazi yangu ni kunyamaza tu, sikujua kwamba nitaulizwa.

Aliyenitia matatani ni nesi Regina, Mungu ambariki. Jumatano moja nilimkuta amesimama na Letisia mbele ya ukuta.

"Funga macho, mama. Mkono uache, usiufikirie. Sikiliza pumzi inavyoingia, inavyotoka. Haya, sasa uko wapi?"

Letisia alifunga macho, akavuta pumzi. Kisha akasema, "Jikoni kwangu."

"Juu kuna nini?"

"Uchaga. Mbegu za mahindi ziko pale, zinapigwa na moshi."

"Basi vuta pumzi, uzifikie."

Vidole vikaanza kupanda ukutani polepole. Vikapita kifua, vikapita bega, vikasimama. Jasho lilimtoka na machozi pia. Halafu akageuka, akanitazama kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu mwezi wa sita.

"Baba Yunis, panya hawajazifikia mbegu zangu?"

Vidole vyake bado vilikuwa juu ukutani.

"Hawajazifikia," nikasema.

Kuanzia hapo kila nilipokuja alinichukua na kunipeleka nyumbani. Alifumba macho, akaanzia chemchemi, ndoo kichwani, nyasi za njiani zimelowa umande na miguu yake imelowa vilevile. Alivuta pumzi, akasogea hatua, akatoa pumzi, akasogea nyingine. Aliingia uani. Aliinama mlangoni. Kila mahali alisimama aniulize. Yule kuku mweusi ameangua? Mlango wa nyuma umeutengeneza? Nami niliangulisha vifaranga kumi na mmoja wa kuku tuliyemla siku ya kuhama. Nilitengeneza mlango uliokwisha kuwa kuni. Nilinyesha mvua juu ya paa ambalo halikuwepo, na yeye akaisikia, akatabasamu, akaomba uji.

Wodi ilikuwa inapotea. Harufu ya dawa iliondoka, ikaja ya moshi, na wanawake wa vitanda vya jirani walinyamaza kutusikiliza. Regina aliweka alama ya penseli ukutani kila vidole vilipofika, na alama zilikuwa zinapanda. Nilifurahi, nakiri. Nilifurahi kama mtu aliyeona njia ya kutopoteza kitu chochote.

Jumapili ya nne niliteremka kwenye treni ya Mikumi, na badala ya kwenda kijiji kipya nikaishika njia ya mlimani. Sikukusudia. Nilitembea nikiwaza kwamba niwamwagie vifaranga pumba kabla jua halijazama. Nilifika, nikakuta mashimo ya nguzo, yamejaa maji, na mawingu yanapita ndani yake. Nilisimama palipokuwa jikoni nikatazama juu kuutafuta uchaga. Kisha nikaketi chini nikalia, mwanamume mzima.

Jumatatu baada ya Jumapili ya tano daktari aliniita, akasema Letisia ataruhusiwa Ijumaa, na tangu hapo nikawa nakuja kila siku. Akanipeleka pembeni akaniambia na jambo jingine, mimi na si yeye, kwa sababu siku zile waliambiwa waume.

Nilikwenda kitandani nikamwambia kuhusu nyumba, kwa kuwa Ijumaa angejionea mwenyewe; lile jingine nikalificha.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu wiki uliyosafirishwa."

"Nani aliivunja?"

"Mimi."

Mkono ukarudi ubavuni. Akageukia ukuta, na jioni ile hakula. Kesho yake vidole havikufika hata alama ya kwanza. Regina alinifokea kwenye korido mbele za watu, bila shikamoo wala nini, na nilistahili. Niliamini nimemuua mke wangu kwa mdomo wangu.

Siku ya tatu Letisia alizungumza bila kunitazama.

"Nieleze huko tunakokaa."

"Ni tambarare tu. Kuna nyasi."

"Mlango unatazama wapi?"

Nikafikiri. Sikujua.

"Maji yako mbali?"

"Kuna kisima, upande ule... wa..."

"Baba Yunis! Umelala huko wiki zote hizi."

Alisema kweli. Nililala huko nimeununia udongo wenyewe. Nilichokijua vizuri ni nyumba ambayo haikuwepo.

"Nenda ukapatazame," akasema. "Na safari hii usinipambie."

Nilikwenda. Asubuhi nilisimama mlangoni pa kibanda chetu, nikavuta pumzi kama Regina alivyomfundisha, nikatazama. Mlango unatazama mashariki. Ukungu ulikuwa umelala upande wa Mikumi, ukaanza kunyanyuka taratibu, na miti ikatoka ndani yake mmoja mmoja. Nilihesabu hatua za kisimani, mia mbili na kumi na mbili. Udongo ni mweusi, unanata kwenye nyayo. Jirani akikohoa unasikia. Kwenye shamba la pamoja tembo walikuwa wamepita usiku na kuacha mavi yao. Sikupapenda, lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa hapo.

Alhamisi nikamweleza yote, na mabaya pia. Akafumba macho. Tulikwenda kisimani pamoja, hatua kwa hatua, nami nikamwonyesha mahali pa kuteleza.

"Kunanuka nini?"

"Udongo mbichi. Na tembo."

Akacheka, na kicheko kikamuuma kidonda, akacheka tena. Kisha akafumbua macho akanitazama usoni, na nimeshasema uso wangu ulivyo.

"Kuna kingine unanificha."

Nilisikia sauti za ndugu zangu wote zikinikataza. Nilitaka kusema hakuna. Ningesema hakuna, angerudi nyumbani anacheka, na mimi ningeketi mezani naye kila siku nikijua peke yangu.

"Daktari alikuta kansa kwapani pia," nikasema. "Waliitoa. Lakini inaweza kurudi. Inaweza isirudi. Mwenyewe hajui."

Nje mtu alikuwa anafua shuka, maji yakimwagika. Halafu Letisia akaunyosha mkono wa kushoto, akanishika ukosi wa shati, akanivuta mpaka uso wangu ukawa karibu na wake.

"Kwa hiyo umeshaanza kunililia," akasema. "Peke yako. Na mimi nipo hapa nakula."

Nikaushika mkono ule kwa mikono yangu miwili.

"Usinifanyie hivyo, Hezekia. Siku ya kulia ikifika tutalia wote, mimi nikiwepo."

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniita kwa jina langu. Tukalia palepale, mchana kweupe, mbele ya wodi nzima, na nesi Regina akatuacha tukae hadi saa ya wageni ilipopita.