Chini ya Bega la T

Ukuta wa chumba cha Rosemary ulikuwa umeota maneno. AVATA. TAVAWA. YATOVA. Makubwa, meusi, karatasi juu ya karatasi, na kati ya herufi na herufi vijistari vya penseli kama chale. Mama yake, Walburga, alisimama mlangoni na ufagio mkononi. Hicho hakikuwa Kiswahili, wala Kingoni, wala kile Kilatini alichokisikia utotoni kwenye misa za Peramiho.

Macho ya mzazi mwenye wasiwasi ni mengi, na kila jicho huona kamba ikawa nyoka. Tangu mvua za kwanza alikuwa akimwangalia binti yake mbele ya kompyuta: anasogeza herufi, anairudisha, anafinya macho, anaisogeza tena. Ukimuuliza, atakuambia, "Naziweka karibu, mama. Bado hazijazoeana." Herufi zizoeane! Mtu mzima na akili zake!

Basi asubuhi hiyo, Rosemary alipotoka kwenda mjini, Walburga alichukua chupa ya maji ya baraka, akaunyunyizia ukuta, akasali, kisha akabandua karatasi zote. Kuzichoma aliona vibaya. Kitu kikishabarikiwa hakitupwi motoni ovyo. Na karatasi zenyewe nzuri, ngumu, upande mmoja mweupe pe! Kabla jua halijapanda, maandazi yake ya kuuza yalitoka nyumbani yamevikwa karatasi hizo, yakaenea mtaa mzima wa Lizaboni.

Rosemary alirudi adhuhuri.

"Mama, ukuta wangu uko wapi?"

"Nimekuokoa, mwanangu."

Binti alikaa kitandani taratibu. Hakulia, hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Walburga zaidi ya AVATA. Kwa sauti ya mtu aliyechoka akaeleza. Alikuwa akibuni herufi za kitabu cha kusomea cha darasa la kwanza. Wachapaji walizitaka kesho. Yale maneno hayakuwa na maana. Aliyatunga ili herufi zenye ugomvi zikutane; moja tu, la mwisho, ndilo lilikuwa neno la kitabuni. Na vile vistari vya penseli, ndivyo vilivyomwonyesha wapi pa kubana na wapi pa kulegeza.

"Kwani rula haitoshi?" Walburga aliuliza, sauti imemnywea.

"Rula inadanganya, mama. T ina mabega mapana, o ni fupi. Ukizipanga kwa rula, katikati panabaki uwanja. Lazima o iingie chini ya bega la T, kama kifaranga. Lakini zisigusane."

Walburga alikumbuka shule ya Maposeni, kidole chake kikitembea juu ya kitabu na kutumbukia kwenye kila pengo, na darasa zima likicheka. Alijitanda kitenge, akatoka mbiombio.

Kijiweni, waendesha bodaboda walikuwa wameinamia karatasi zilizotandazwa kwenye kiti cha pikipiki moja kama waamuzi wa mpira.

"Shikamoo mama!" aliita Remmy, mropokaji wao. "Siku hizi maandazi yako yana masomo!"

"Marahaba. Nipeni karatasi zangu."

"Ngoja kwanza, tunabishana. Mimi nasema hizi A na V zimenuniana. Ona, kila moja imegeuka kwake. Lakini hizi hapa, mama, hizi zimeoana!"

"Ndoa utaijulia wapi wewe, unayekula maandazi ya mkopo?"

Walicheka hadi Remmy akashika tumbo, wakazikusanya karatasi, nyingine zikatolewa mifukoni zimekunjwa. Zilikuwa zimelowa mafuta. Walburga akazipanga kifuani kama mtoto mchanga, akageuka, na hapo akaona.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya meza ya Zulfa, muuza korosho wa kutoka Tunduru, ilikuwa imebandikwa karatasi moja. *Watoto.* Neno lilimfikia zima, kama mgeni unayemjua kwa mwendo kabla hujauona uso wake. Midomo yake haikuwa imetikisika. Kidole chake kilikuwa bado kimeshika kitenge.

Akasimama pale, pikipiki zikimpigia honi.

"Hiyo sikupi, shoga," Zulfa alimwahi. "Wallahi imenipendezea meza. Imetulia."

"Nikopeshe mpaka kesho, nitakuletea na andazi."

"Mawili!"

Rosemary alizipokea karatasi zilizotota, akasikiliza kisa cha meza ya Zulfa, akakunja uso. Kisha akainua moja dirishani. Mafuta yalikuwa yameilainisha ikapitisha mwanga. Akaweka nyingine juu yake, herufi juu ya herufi, na kila pengo likajitokeza peupe. Vistari vya penseli vilikuwepo vyote. Akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kifua kizima, na mama yake, aliyekuwa ameshika mlango tayari kukimbia, akacheka naye.

"Njoo ukae hapa, mama. Hizi T na o zimenishinda. Nitasogeza, wewe sema."

"Mimi? Mimi darasa la saba?"

"Wewe uliyesoma *watoto* toka ng'ambo ya barabara."

Jikoni, maandazi ya jioni yalikuwa yameshatiwa kwenye mafuta. Walburga alifuta mikono kwenye kitenge, akakaa ukingoni mwa kitanda, akafinya macho mbele ya kompyuta.

"Sogeza. Sogeza tena. Hapo! Aa, umeibana mno. Irudishe kidogo, ipumue."

"Hivi?"

"Kidogo tena."

Harufu ya kuungua ilipenya mlangoni, ikazunguka chumba. Hakuna aliyenyanyuka.